Mtaro Uliokomea Kwetu

Bukavu, Machi 2000

Dada Lydie,

Hili sijamwambia mtu yeyote: ninamshuku Papa.

Huko Idjwi mihogo imestawi? Mdogo wetu Dany amepona malaria. Papa bado yuko meri, ofisi ya mji, idara ya maji. Aliwaambia majirani kwamba vita vimemaliza pesa ya mji, kwa hiyo barabara zingoje, maji yatangulie. Basi kila Jumamosi mtaa mzima ulifanya salongo, kazi ya pamoja, ukachimba mtaro hadi zahanati. Lakini mabomba yaliishia kwetu.

“Ni vita, mutoto,” Papa alisema nilipomuuliza sababu.

Maman hufunika robine yetu ya maji kwa gunia, lakini udongo chini yake umelowa kila siku. Jana Maman Emérence wa jirani alipita na bidoni yake ya maji kutoka ziwani, akacheka: “Zagabe, kwenu mvua inanyeshaka chini ya udongo?”

Jioni nilitafuta mpira wa Dany nyuma ya choo, nikakuta mabomba mapya yamefunikwa kwa majani ya migomba.

Leo Papa alipoenda kazini, niliyatoa moja moja, nikayalaza mtaroni kuelekea zahanati. La mwisho lilinishinda uzito, nikamwita Maman Emérence. Alishika upande wa pili, na hakutania.

Mdogo wako,
Zagabe