Kivuli cha Baba

Ndandalo, Kyela

Kaka Lugano,

Mugonile. Huku mvua imeshika, kakao inakataa kukauka, na Mama anakusalimia. Habari ya mnunuzi uliyempata wa mashine ya Baba ya kusafishia picha imefika.

Lakini kwanza nikwambie: picha ya Baba nimeipata! Wakati wa msiba tulipekua nyumba nzima tukakosa hata moja, maana kamera siku zote alishika yeye. Sasa nimechukua ile negativu yetu ya utotoni, ya ufukweni Matema. Mimi na wewe tumesimama, na mbele yetu kivuli chake kimelala mchangani.

Nilijifungia kwenye chumba chake cha giza. Mashine ilipowaka, nilitukinga kwa kiganja ili mwanga usitufikie kwenye karatasi, kivuli nikakimwagia mwanga wa kutosha. Karatasi nyingi ziliharibika, sikukoma. Hii ya mwisho ilipoingia kwenye dawa, sisi tulibaki weupe kama mchanga, tukapotea. Baba akatokea peke yake, mweusi tii, viwiko nje, kofia upande.

Usikasirike kwamba nimekufuta. Hata mimi nimejifuta.

Mama aliishika ikiwa bado inachuruzika maji. "Kofia hiyo nilimnunulia mimi, kule mpakani Kasumulu," akasema, akakaa chini.

Ameitundika sebuleni. Anasema umwambie mnunuzi wako asisumbuke kuja, chumba cha giza sasa kina mwenyewe.

Mdogo wako, mpiga picha,
Tulinagwe