Mti Ulioangukia Jiko la Mama Kerubo

Jumatatu, Aprili. Mvua imeanza tena mchana huu hapa mjini Kisii na nimefunga duka mapema. Sina nguvu ya kumweleza mtu tofauti ya mbolea ya kupandia na ya kukuzia.

Wengi mnaopitia ukurasa huu mnanijua kwa sababu ya msitu wangu. Msitu ni neno kubwa. Ni kipande cha mteremko kule Nyacheki, mikaratusi juu, miti michache ya kienyeji chini karibu na kijito, ambacho baba alinigawia mimi binti yake angali hai, mbele ya mashahidi. Nimewaonyesha hapa jinsi ya kupunguza machipukizi kwenye kisiki hadi yabaki yale yaliyonyooka. Nimewaonyesha jinsi ninavyozungushia miche miiba ili mbuzi wasiifikie. Nimeandika kama mtu anayejua anachofanya.

Wiki iliyopita sikujua nilichokuwa nafanya. Au nilijua, na hilo ni baya zaidi.

Mpakani, upande wa chini, kulikuwa na mkaratusi mkubwa kuliko yote. Chini yake tu, ng'ambo ya ua, lilikuwa jiko la Mama Kerubo. Ni jirani yetu tangu nizaliwe. Ni mjane, anachuma majani chai yake mwenyewe, na analea wajukuu. Mvua za mwaka jana zilikula udongo kwenye mizizi ya mti ule, ukaanza kuinamia kwake. Si sana. Ukitaka kutouona ulivyoinama, hukuuona.

Mama Kerubo aliuona. Aliningoja uani siku moja nilipokuja kukagua miche, akanionyesha kwa kidole, akaniomba niukate. Baadaye akanipigia simu. Mwisho akaja mwenyewe mpaka dukani, akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, akaketi juu ya gunia la chakula cha kuku akingoja wateja wangu waishe. Akasema kila upepo ukivuma anawatoa wajukuu jikoni na kuacha ugali ukiungua.

Nilimwahidi kuukata. Nilipokea na ndizi.

Sikuukata kwa sababu mtu mmoja anayenunua nguzo za umeme aliniambia niuache unenepe msimu mmoja zaidi. Na pia kwa sababu niliupenda. Picha iliyo juu kabisa ya ukurasa huu ni ya mti huo. Mmeusifu sana hapa, nami nilipenda kusifiwa.

Jumanne iliyopita, mchana, mvua ya mawe ilipiga Nyacheki na mti ukaanguka.

Kaka yangu Ombati ndiye aliyenipigia simu. Alisema hakuna mtu aliyeumia, wajukuu walikuwa shuleni, lakini jiko limekwisha na ng'ombe aliyekuwa amefungwa nyuma yake amevunjika mgongo. Walikuwa wanatafuta mtu wa kumchinja. Ng'ombe huyo alikuwa na mimba.

Jumatano asubuhi nilikuwa huko. Watu walikuwa wamejaa uani kwa Mama Kerubo kama matangani. Mabati yalikuwa yamekunjwa kama karatasi chini ya shina, na majivu yaliyolowa yalikuwa yametapakaa mahali palipokuwa na mafiga. Naibu wa chifu alikuwepo, wazee wa kijiji walikuwepo, na Ombati alikuwa amesimama na kaka zetu wengine na binamu, mikono nyuma.

Hapa lazima niwaeleze jambo. Mimi nimeolewa upande wa Nyamira. Tangu baba afe, kaka zangu wanasema ardhi ya ukoo imekwenda kwa watu wengine, na kwamba mwanamke anayekaa mjini na kulala kwa wakwe hawezi kutunza shamba la mbali. Nimeutunza msitu ule kwa mapenzi, lakini pia kwa ukaidi, ili wasipate cha kusema. Asubuhi ile walikuwa na cha kusema, kimelala mbele yao na matawi yake yote.

Naibu wa chifu aliniuliza swali moja tu. Je, kuna mtu aliyewahi kunionya kuhusu mti huu?

Nilimtazama Ombati kwanza. Kisha nikasema, "Hapana. Hakuna aliyeniambia."

Sikupanga kusema hivyo. Lilitoka lenyewe, na kwa sauti ya kawaida kabisa.

Mama Kerubo alikuwa ameshika sufuria iliyobonyea, akijaribu kuinyoosha kwa kiganja. Alinyanyua macho akanitazama. Nilingoja aseme. Kila mtu alingoja aseme.

"Ni kweli," akasema. "Sikumwambia."

Basi wakamgeukia yeye. Mzee mmoja akamuuliza anawezaje kulala chini ya mti ulioinama na kufunga mdomo, tena jirani mwenyewe ana simu. Mwingine akasema huo ni uzembe. Naibu wa chifu akaamua kwamba ni mvua iliyofanya haya, hakuna wa kulipishwa, na siku nyingine mwenye hofu aseme hofu yake mapema. Mama Kerubo akaitikia kwa kichwa. Akarudi kwenye sufuria yake.

Mtaniuliza nilihisi nini.

Nilihisi nafuu. Aibu haikuja kwanza. Ilikuja nafuu, ikakaa mpaka jioni.

Nyama ya ng'ombe yule iliuzwa hapo hapo, na kila mtu alinunua ili kumsaidia Mama Kerubo. Nami nilinunua. Nilifungiwa kwenye jani la mgomba nikaja nayo mjini. Niliipika, nikaipakua, nikakaa mbele ya sahani. Mume wangu aliniuliza kama naumwa. Nikasema ni uchovu.

Sabato tulikusanyika kanisani kule nyumbani, na mzee wa kanisa akaomba waumini wamchangie Mama Kerubo. Nilitoa mabati ya jiko zima. Mzee huyo akasimama mbele ya watu wote akaniombea baraka, akasema huyu dada hakuwa na deni lolote, hakulazimishwa na mtu, lakini ameguswa. Watu wakasema amina. Mama Kerubo alikuwa safu ya kwaya, na sare yake ya kijani. Naye alisema amina.

Hapo ndipo aibu ilipofika. Nilitamani benchi linimeze.

Jana, Jumapili, nilikwenda kwake peke yangu. Nilimkuta akipika nje, kwenye mawe, chini ya turubai. Alinikaribisha kiti akaendelea kuchochea moto kwa vipande vya mti wangu, ambavyo vilikuwa bado vibichi na vinatoa moshi mkali. Nikamuuliza kwa nini alisema vile Jumatano.

Akaniambia kwamba mumewe alipokufa, shemeji zake walikuja na kamba ya kupimia shamba kabla matanga hayajaisha. Walikaa sebuleni mwake siku baada ya siku wakisubiri ateleze, aseme neno moja wanaloweza kulishika. Akasema Jumatano aliwaona kaka zangu wamesimama vile vile.

"Nilikukasirikia," akasema. "Bado nimekukasirikia. Lakini sikutaka wakunyang'anye kwa mdomo wangu."

Nilimwambia nitakwenda kwa naibu wa chifu nikaseme ukweli. Akakataa. Akanikumbusha kwamba naye alisema uongo mbele ya watu wale wale, na kwamba ameimba katika kwaya ile tangu ujana wake. Nikifungua mdomo nitamfunua yeye pia. Akaniambia nimjengee jiko lake, nikate miti mingine ya mpakani, yaishe.

Nami nilikubali. Nataka mjue hivyo. Nilimshukuru, nikaaga, nikatoka nikiwa mwepesi, kwa sababu alikuwa amenipa ruhusa ya kunyamaza na ikaonekana kama ni kwa faida yake.

Njia ya kwenda barabarani inapita kando ya kituo cha kupimia majani chai. Wanawake kadhaa walikuwa wamekaa kwenye ngazi wakijikinga na manyunyu. Hawakuniona. Walikuwa wanamzungumzia Mama Kerubo. Mmoja alisema kiburi ndicho kimemwua ng'ombe yule, kwamba mama yule hajui kuomba, afadhali nyumba imwangukie kuliko amwombe jirani kitu. Wakacheka. Si kicheko kibaya, kile cha watu wanaotaja jambo lililokwisha kujulikana.

Mwanamke aliyebeba ndizi kichwani mpaka Kisii kuja kuniomba.

Niligeuka nikarudi. Nilimkuta bado yuko motoni. Nilimweleza nilichosikia, nikamwambia siwezi kukubaliana na yale tuliyokubaliana. Aliinama akapuliza moto. Nilidhani atanifukuza.

"Basi sema lako," akasema mwishowe. "Langu usiliseme. Langu nitalisema mwenyewe."

Leo asubuhi naibu wa chifu alituita tena pale pale, kwa ombi langu. Watu walikuwa wengi kuliko siku ile. Shina lilikuwa bado limelala, matawi yamekwisha kupunguzwa, na ikabidi wengine wakae juu yake. Nilisimama. Nilisema kwamba Mama Kerubo alinionya mara nyingi, nyumbani, kwa simu na dukani kwangu, kwamba nilimwahidi nisitimize kwa tamaa ya mti, na kwamba Jumatano nilidanganya.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hakukuwa na kelele. Watu walitazama viatu vyao, kama ilivyo mtoto wa mtu anapofanya jambo la aibu mbele ya wageni.

Kisha Mama Kerubo akasimama. Alikuwa amevaa kama anayekwenda kanisani.

"Anayosema ni kweli," akasema. "Nilimwambia. Halafu hapa nikasema sikumwambia. Nilijua nasema uongo, na hakuna aliyenituma."

Yule mzee aliyemwita mzembe akamuuliza, sasa kwa upole, kwa nini mtu mzima kama yeye ajitie hasara kwa kumfunika mwenye kosa.

Mama Kerubo alimtazama, akamtazama na Ombati, na kaka zangu wengine, na binamu zetu, mmoja mmoja.

"Kwa sababu nawajua," akasema. Akaketi.

Ombati alikohoa akatazama upande wa barabara.

Imeamuliwa nimjengee jiko, nimtafutie ng'ombe mwenye mimba kama yule, na niondoe mikaratusi yote ya mpakani, mikubwa kwa midogo. Nimekubali yote. Fundi wa msumeno atakuja Jumatano kama mvua itakatika. Visiki vitachipua tena, mikaratusi haifi kirahisi, kwa hiyo itabidi nirudi kila mara kuyavunja machipukizi mpaka vichoke. Pale nitapanda kitu kifupi, ambacho hakitamtoa mtu jikoni kwake.

Tulipokuwa tunatawanyika Ombati alinijia. Alisema kaka zangu watakaa kikao kuhusu msitu, mwezi ujao, na kwamba nitaarifiwa. Hakusema kwa ubaya. Sijui kitatoka nini kwenye kikao hicho. Pengine nitakuja kuwaandikia hapa kwamba sina tena mti wa kuwaonyesha. Nitakwenda, nitakaa, nitasema yangu bila kuongeza wala kupunguza. Msitu ni wangu kwa neno la baba. Lakini sitasema tena kwamba nimeutunza vizuri.

Mama Kerubo hakuniaga. Alinipita akiwa na wanawake wengine, wale wa kituoni wakiwa miongoni mwao, nao walikuwa wakimsikiliza. Sikutegemea anishike mkono. Yeye mwenyewe alishaniambia kwamba amenikasirikia.

Mume wangu anasema nimefanya vyema na nijisamehe. Hajui ninachokifikiria tangu nishuke mjini.

Nafikiria Jumatano ile. Nafikiria kama angesema, mbele ya wote, "Nilimwambia, na ndizi nilimpelekea." Je, ningeinamisha kichwa na kukubali? Au ningemtazama machoni mjane yule, na kaka zangu wakinitazama, nikamwita mwongo?

Nimejiuliza barabara nzima mpaka hapa.

Naamini ningemwita mwongo.