Mpimeni Akiwa Amesimama

4 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mgongo unanung'unika kama mpangaji. Juzi nikishusha karatasi kutoka rafu ya juu, kizunguzungu kilinishika, nikajikuta sakafuni. Usishtuke. Daktari amenipima: presha iko juu kidogo, kaniongezea dawa. Kazi ya kujalidi vitabu inaendelea. Tangu tuhame kwetu, kupanda na kushuka ngazi ndiyo desturi yangu. Panya wako wazee hawajambo huko maabara?

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, lakini barua yako imeninyima raha. Panya wazee wakitulia, moyo wao huwezi kuutofautisha na wa vijana. Tofauti huonekana tukiwapa dawa ya usingizi, tukawalaza kwenye kibao na kukiinua upande wa kichwa. Kwa kijana, mishipa hubana na moyo huharakisha papo hapo, kwa amri ya neva. Kwa mzee, neva za kutoa amri hiyo huchelewa. Damu hukimbilia chini, kichwa kikapungukiwa.

Daktari alikupima umekaa au umesimama? Muulize tena kuhusu hiyo dawa. Na ngazi, tafadhali, iache.

Mwanao

2 Aprili

Marahaba, mwanangu.

Nilikusomesha ili unifananishe na panya? Nilipimwa nimekaa, bila shaka. Kila niingiapo pale kliniki, watu huinuka kunipisha, muuguzi akanivutia kiti. Mvi zina faida yake.

Dawa nameza. Jumamosi nashusha vitabu vyote vya juu, mwenye nyumba anapaka rangi. Hivi panya wako, kazi ikiisha, huenda wapi?

Baba yako

29 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu, na simu yako imezimwa. Sijui namwandikia nani. Kama unasoma haya, kikatae kiti. Mwambie muuguzi akupime umelala, kisha umesimama. Adabu yao ndiyo inayouficha ugonjwa wako.

Mwanao

17 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Usiuonee shaka mwandiko, ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia uko kwenye plasta. Jumamosi ile sikufika hata rafu ya pili.

Barua zako zote nilisomewa wodini. Siku ya kurudi kupimwa, muuguzi akavuta kiti, nikakataa.

"Mzee, kaa, utanitia aibu."

"Binti yangu amenikataza."

Foleni nzima ikacheka. Akanipima nimelala, kisha nimesimama. Akaitazama mashine, akapima tena, halafu akanishika kwapani na kusema taratibu, "Sasa kaa, baba."

Kumbe nikisimama presha huporomoka, na daktari amepunguza dawa. Asubuhi nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, naisubiri damu kama mgeni aliyepotea njia. Ngazi nimempa fundi wa rangi.

Hukunijibu panya wale huenda wapi. Nimeelewa, usijibu. Ila ukikiinua kibao leo, kiinue polepole.

Baba yako