Waimbaji wa Ntumba

Siku ya kwanza ya juma, Jumatatu, 3 Juni 1957

King'ora saa kumi na mbili. Magazini, ghala la mgodi, mchana kutwa, kuwagawia mafundi boliti na misumari. Nimerudi. Nimeoga kwa jirani yangu Ilunga, nimekula kwa Ilunga, kisha nimekuja kukaa kwenye baraza ya nyumba yangu mwenyewe kama mgeni.

Mama mkwe yuko nyuma, uani. Mimi niko mbele. Leo ni siku ya tisa tangu afike. Sijamwona uso wala yeye hajaniona. Kwetu Kasai ndivyo ilivyo: mkwe hamtazami mama mkwe, hali mbele yake, hasemi naye. Kijijini kuna nafasi ya kukwepana. Hapa kwenye kambi ya Musonoi nyumba ya kampuni ina vyumba viwili. Ndiyo maana nalala kwa Ilunga.

Amekuja kumchukua binti yangu, Kapinga. Treni ni tarehe ishirini.

Nimepangusa diski zote. Vumbi la mgodi, kiangazi hiki, linaingia hata ndani ya maboksi. Nimepiga tatu. Gramofoni ikiimba najisikia niko kwangu. Ikinyamaza, basi.

Siku ya tatu, 5 Juni

Baridi kali asubuhi. Jioni nimepiga Paskali Mukunto, yule wa sauti nyembamba. Hajafika katikati, Kapinga katokea uani mbio. Ana miaka kumi na moja na kazi hii ya kupeleka maneno kati yangu na nkambo, bibi yake, anaipenda kuliko shule.

"Tata, nkambo anasema: huyu mutu analia sawa mbuzi ya ku kamba. Banamufanya nini?"

Nimekasirika. Nimeizima. Mukunto ndiye ambaye marehemu mke wangu Ntumba alimpenda kuliko waimbaji wote. Mama yake hajui. Angejuaje? Ntumba aliolewa akaja huku, na huku ndiko alikozijua diski.

Kapinga alisubiri jibu. Nikairudisha diski ndani ya boksi lake.

Siku ya posho, 8 Juni

Foleni ya posho tangu alfajiri. Unga, samaki wakavu, mawese. Narudi na gunia begani, nikasikia wimbo uani. Nikasimama.

Mama mkwe alikuwa anachambua maharagwe na kuimba. Wimbo ule naujua. Ntumba aliuimba kila alipofua, miaka kumi na miwili. Siku zote niliamini kautunga mwenyewe.

Nikaweka gunia chini, nikalikalia mpaka wimbo ukaisha. Nililia. Niandike hivyo hivyo: nililia, mchana kweupe, juu ya gunia la unga.

Siku ya Mungu, 9 Juni

Pentekoste. Misa ndefu, magoti yanauma.

Mchana nimemtuma Kapinga: muulize nkambo, ule wimbo wa jana ni wa nani? Alikwenda na kurudi mara tatu na vipande vya jibu. Mwishowe bibi alichoka kungoja, akaanza kuuambia ukuta kwa sauti kubwa ili mimi nisikie. Ukuta kuuambia si kosa.

Ni wa mpiga madimba, yaani marimba, mmoja aliyeitwa Tshibangu. Zamani hizo hakuna treni, hakuna gramofoni. Ukimpenda mwimbaji, unamfuata kwa miguu. Mama mkwe alikuwa msichana, anatwanga mihogo, akasikia madimba ng'ambo ya mto. Akaondoka. Vijiji vitatu, mchi bado begani. Baba yake alimkuta siku ya pili, akampiga kwa mchi huo huo.

"Na mi nilirudi naimba," aliuambia ukuta.

Nilicheka. Ilinitoka tu. Nikadhani nimeharibu. Kisha naye akacheka, polepole, halafu kwa nguvu. Kicheko hakijasikika nyumbani humu tangu Ntumba afariki Novemba.

Siku ya pili, 11 Juni

Sasa ni mchezo. Mimi napiga mmoja, yeye anajibu na wake.

Nimempa akordeoni ya miaka ya vita, ile tuliyoicheza tukiwa vijana Jadotville. Jibu likaja na Kapinga: nkambo anasema huyo anahema sawa mutu anapanda mulima na muzigo. Nikauliza: ni sifa au matusi? Ni sifa. Kisha akaniimbia nyimbo za Mama Mbombo, mwanamke kiwete aliyeimba kwenye arusi zote za kwao. Anasema arusi bila Mbombo ilikuwa kama haikufungwa.

Ilunga akaja na wake. Ilunga ni Mmethodisti wa kaskazini, kwake waimbaji ni kwaya na kwaya tu. Tukamruhusu ubeti mmoja. Akaimba minne.

Halafu Kapinga. Yeye ni wa hawa wapya wa Leopoldville, Jazi Nyota ya Mto. Saksofoni, gita za umeme, cha-cha-cha. Anawasikia kwenye kipaza sauti cha sekle, kule wafanyakazi wanakokunywa bia. Diski hana, kwa hiyo aliimba vyombo vyote kwa mdomo na kucheza barazani mpaka vumbi likatimka.

Kutoka uani: "Ile hapana muziki. Ni masufuria inaanguka."

Nikasema kwa sauti, nikitazama barabara: ni kweli kabisa. Kapinga kasema sisi ni wazee wawili, tuoane. Ilunga karibu aanguke kwenye kiti.

Nina furaha. Sikuitegemea.

Siku ya tatu, 12 Juni

Barua kutoka kwa kaka mkubwa wa Ntumba. Kitanda cha mtoto kiko tayari. Wananikumbusha neno langu.

Ni kweli nilisema. Novemba, kwenye matanga, mbele ya wajomba wote: mumuchukue mutoto, mi siwezi. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa sijala siku tatu, na nyumba nilikuwa naiogopa. Wakasema watakuja kiangazi, mvua zikiisha.

Sasa ni kiangazi na ninaweza. Najua kupika ugali usioshika chini. Najua siku ambazo Kapinga anadanganya kwamba tumbo linauma. Siku nane zimebaki. Naogopa sana.

Siku ya tano, 14 Juni

Kapinga kanijia magazini baada ya shule, uso umekunjamana. Amesikia kwenye bomba la maji. Nkambo alikuwa anaongea na mke wa Ilunga.

"Anasema ile nyumba haina matanga. Kila siku sanduku iko naimba. Anasema umekwisha kumusahau mama."

Kumbe. Hata baada ya vile vicheko. Labda hasa kwa sababu ya vile vicheko.

Imenichoma mpaka ndani. Jioni sikupiga kitu. Mama mkwe naye hakuimba. Kapinga alikaa katikati ya nyumba, hana ujumbe wa kupeleka.

Ilunga kasema: toa mbuzi. Nilimsimulia zamani juu ya desturi hiyo, naye hasahau kitu. Mkwe akimpa mama mkwe mbuzi mbele ya mashahidi, haya inaondoka, wanaweza kutazamana na kusemezana. Ilipaswa kufanywa zamani. Kasai ilikuwa mbali, kazi haikutoa ruhusa, mwaka ukafuata mwaka.

Siku ya posho, 15 Juni

Mbuzi wa kahawia. Mkorofi. Kabla ya sherehe alikuwa ameshakula kola ya shati la Ilunga kwenye kamba. Mashahidi: Ilunga na wazee wawili wa Kasai wa barabara yetu.

Nikamwona uso.

Hakuna aliyeniambia. Ni uso wa Ntumba. Ule ule, uliozeeka, na macho yale yale ya kupima mtu. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu barua ile ifike. Yote yalikimbia.

"Moyo, mamu," nikamsalimu kwa lugha ya kwetu.

"Moyo."

Kisha nikasema, vibaya, kwa haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto: lile neno la Novemba, nataka kulirudisha. Kapinga abaki.

Akajibu papo hapo. "Neno ya matanga ni neno. Uliisema mbele ya batu."

Akashika kamba, akaondoka na mbuzi wake. Ndivyo ilivyokwisha. Wazee walikunywa bia yao haraka haraka.

Siku ya Mungu, 16 Juni

Asubuhi misani mama mkwe alikaa safu ya mwisho, mbali nasi.

Mchana nimebeba gramofoni na sanduku la diski mpaka uani. Sasa naruhusiwa. Nikakaa chini, juu ya mkeka. Alikuwa anamenya karanga na hakuinua kichwa. Nikamwambia: mama, diski hizi si zangu. Ni za Ntumba. Mimi ninazipangusa tu.

Nikazitoa moja moja. Hii ni ya mwaka wa kwanza. Alikuwa na miaka kumi na saba, analia kila jioni, anataka kwao. Nikaleta gita hili. Akanyamaza, akauliza: na upande wa pili? Hii ni ya mimba ya Kapinga. Akordeoni ilimtapisha, hakutaka kitu ila sauti ya huyu mwanamke. Hii ni ya Nzilo, bwawa lilipokuwa linajengwa na sisi tunakaa kwenye kambi ya mabati. Aliimba kushindana na maji ya Lualaba, na siku nyingine alishinda.

Karanga zilikuwa zimesimama mikononi mwake.

Na huyu, nikasema, ni Paskali Mukunto. Alimtaka hospitali. Nilibeba gramofoni kichwani. Masista waliruhusu, lakini kwa sauti ndogo.

"Mbuzi," akasema.

"Ndiyo, mama. Mbuzi."

"Piga."

Alimsikiliza mpaka mwisho, mkono mdomoni. Sindano ikawa inakwaruza patupu na hakuna kati yetu aliyeinuka.

"Mi nilibapa mutoto wa miaka kumi na saba," akasema. "Huyu mwanamuke unanielezea, mi simujui. Anza tena. Anza na ile ya kwanza."

Nikaanza tena. Na yeye akanipa za kwake. Ntumba wa miaka minne, halali mpaka abebwe mgongoni na aimbiwe Tshibangu. Ntumba wa miaka kumi, anapanda juu ya kinu kumwigiza Mama Mbombo, mguu mmoja umekunjwa, mpaka mwenyewe Mbombo akamkuta, akacheka, akampa shanga. Sikuwahi kuyasikia haya. Yeye alikuwa na ile miaka kumi na saba, mimi nina hii kumi na miwili.

Kapinga alikuja kukaa kati yetu. Tulizimaliza diski zote. Karanga hazikumenywa.

Siku ya pili, 18 Juni

Ameniita baada ya kazi. Kapinga alikuwa pembeni anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Tata Kapinga. We ulisema ile neno na machozi. Mi nilikuja na hasira. Bote wawili tulikuwa bagonjwa." Akaelekeza kidevu kwa Kapinga. "Mutoto abakie. Lakini kila mwaka, masomo ikifungwa, aje kwangu. Ajue shamba. Ajue bandugu ya mama yake. Kaka ya Ntumba nitamwambia mi mwenyewe. Ataniheshimu, nilimuzaa."

Nilitaka kusema asante. Sufuria ikaanguka.

"Amina!" Ilunga, ng'ambo ya ua. Hakuna aliyemwuliza.

Siku ya nne, 20 Juni

Treni ilichelewa, na nilishukuru.

Nilitaka mama mkwe aende na gramofoni. Alikataa. "Nitaiweka wapi? Kuku italalia mayai ndani." Akaomba diski moja tu, ya Mukunto. Kaifunga ndani ya kitenge, kisha ndani ya kitenge kingine. Nikamwambia: lakini mama, bila gramofoni hutaisikia.

"Najua. Nitaishika."

Mbuzi alipanda behewa la mizigo, akilalamika. Kapinga alilia na kamasi zote. Bibi yake alimpangusa kwa kiganja, akamwambia Jazi Nyota ya Mto si wabaya sana, wapunguze masufuria tu. Kisha akanishika mkono, mimi, mbele ya watu wote wa stesheni, akaushika mpaka mwenye filimbi akapiga.

Tulirudi kwa miguu. Kapinga hakutaka kushikwa mkono njiani, halafu akataka.

Siku ya kwanza, 24 Juni

Nimerudi kulala nyumbani kwangu. Kitanda kimekuwa kigeni.

Leo asubuhi Kapinga hakuwa na wa kumsuka. Mke wa Ilunga amekwenda kliniki na mtoto. Nikasema: lete kitana. Alinitazama kwa wasiwasi, akaleta.

Alikaa chini, kati ya magoti yangu. Nywele zinateleza. Sikujua kwamba zinateleza. Unashika tatu, moja inakimbia. Alivumilia. Mara mbili alisema "tata, ile ni sikio." Mistari haikutaka kunyooka: mmoja ulielekea Kamina kaskazini, mwingine Sandoa magharibi.

Alijitazama kwenye kioo, akageuza kichwa huku na huku.

"Iko muzuri," akasema. "Upande mumoja."

Akaenda shule ameinamisha kichwa kidogo, upande ule mzuri ukiwa juu. Nilisimama mlangoni mpaka alipokata kona. Nimechelewa kazini, nimekaripiwa. Haidhuru.

Kesho nitajaribu upande wa pili.