Shahidi Wangu wa Cimpunda

Mjukuu wangu Neema,

Huku mtaani Cimpunda tuko. Mama yako anakusalimia, na paa linavuja palepale ulipopaacha.

Unauliza umwombe nani ashuhudie ofisini kwamba mtoto wako amezaliwa na kukulia huko, ili apewe uraia, maana ninyi wazazi ni wageni. Hata wazazi wangu walikuwa wageni hapa, watu wa Kigoma. Nilipoomba uraia ujanani, baba alileta rafiki zake watatu. Walinisifu mpaka karani akapiga miayo, akaagiza aitwe jirani wa karibu. Akaja maman Sifa, ambaye tulikuwa hatusalimiani naye kwa sababu ya maji ya mvua.

"Huyu? Tangu azaliwe namusikia! Kila mvua maji ya kwao yanaingia kwangu, na mufereji hajachimba. Mukimufukuza, nani atauchimba?"

Karani alicheka, akapiga muhuri. Jioni ileile nilichimba.

Rafiki za baba walijua tabia yangu. Maman Sifa alijua miaka yangu yote.

Uliniandikia kwamba jirani wa ghorofa ya chini hugonga dari kila mtoto anaporuka. Mpelekee mandazi, kisha umwombe yeye.

Koko wako