Dada, Kibuyu Kilikuwa Kimeshazunguka

Dada yangu Magdalena,

Huko kwako Daa si mbali. Ningeweza kuja kwa miguu nikakuambia haya kwa mdomo, lakini unanijua. Ningekaa jikoni kwako, nikamenya viazi, nikasema "haya dada, jioni njema," halafu nikarudi Rhotia na maneno yangu yote. Bora niandike. Jumatano naondoka.

Unakumbuka ile barua ya baba kutoka Amerika ilipofika? Tulikuwa tunapepeta maharage. Mimi ndiye niliyetafsiri karatasi ya Kiingereza: baba amepata ukaazi, anaruhusiwa kuwaita watoto wake, ila wale tu ambao hawajaoa wala kuolewa. Bibi akatua ungo. "Basi Magdalena hayumo. Pombe ya asali imeshanywewa."

Baba mdogo akacheka. "Mama, wazungu wanaijua pombe yetu? Wanataka cheti. Cheti hakuna, padri hajafungisha, mtoto hajaolewa. Kwisha!"

Wewe ukaendelea kuokota vijiwe kwenye maharage.

Njia nzima ya kwenda ubalozini Dar baba mdogo alikufundisha. "Ukiulizwa?" "Sijaolewa." "Tena!" "Sijaolewa, baba mdogo." Hadi kondakta akadakia, "Kama hajaolewa, mzee, mimi nipo!" Basi zima likaangua kicheko. Mimi nikaficha uso kwenye kitenge chako, kana kwamba nimechumbiwa mimi.

Ubalozini baba mdogo aliachwa nje. Afisa, yule mama mwenye miwani, aliniuliza mimi kwanza kama nina mume. Jibu langu lilikuwa fupi mpaka nikaona haya; hata mkono hakuna kijana aliyewahi kunishika. Kisha akakugeukia wewe, nami nikatafsiri swali. Ukanitazama mimi, si yeye.

"Mwambie cheti sina. Ila wazee wetu na wazee wa kijana anayeitwa Bura wamekunywa pombe ya asali pamoja. Kwetu kibuyu kikishazunguka hivyo, mwanamke ana mume."

Nikasita. Ukasema taratibu, "Mweleze yote, mdogo wangu. Usinipunguzie."

Nikaeleza. Akauliza kama nchi yetu inaitambua ndoa ya kimila. Nikasema ndiyo, tumefundishwa shuleni. Akafunga jalada lako, akasema kwa upole kwamba kwa ombi hili la baba, wewe huwezi kwenda.

Pale nje baba mdogo alishika kichwa. "Umeuza Amerika kwa kibuyu cha pombe!"

"Lakini baba mdogo," ukasema, macho chini kwa adabu, "si wewe uliyekipokea wa kwanza? Ukasema ni tamu, ukaongeza."

Akatangulia mbele kutafuta basi la kurudi.

Nililia kwenye lile basi, nawe ukanibembeleza ukidhani nakulilia wewe. Dada, nilikuwa nalia wivu. Mimi nimepewa viza kwa kuwa sina mtu. Wewe umenyimwa kwa kuwa unaye. Tena yule mama alinionya kwamba nikiolewa kabla sijafika huko, viza yangu nayo imekufa. Nani angenioa, mimi ninayepita nyuma ya kanisa ili nisisalimiane na watu?

Kwa muda nilikuona mjinga. Nisamehe. Halafu nilipokuja kwenu wakati wa kung'oa maharage, nikawakuta wewe na Bura mnabishana shambani nani amefunga mzigo vibaya, mzigo wenyewe umefumuka chini, nanyi mnacheka hamuwezi hata kuinama. Nilisimama kando ya mahindi, sikuwaita. Nikajua siku ile hukukosea jibu. Ulijua unachoacha, na unachoshika.

Mimi naogopa. Naenda kwa baba ninayemjua kwa picha. Usiku wa kwanza nitalala na nani, nani ataniambia nisogee kitandani kama wewe?

Najua atauliza kwa nini nimekuja peke yangu. Baba mdogo anataka niseme walikukatalia tu, nisiongeze. Hapana. Nitamwambia, "Baba, Magdalena ameolewa, mume wake anaitwa Bura." Nitasema kwa sauti, maana neno hili asipolisikia kwangu hatalisikia kwa mtu.

Usije kunisindikiza stendi ya Karatu, nikikuona sitapanda. Msalimie shemeji. Kaeni vizuri.

Mdogo wako, tulionyonya ziwa moja