Kile Kinundu Nilichokuambia Ukikande

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, shemeji na watoto. Kikohozi kimekuachia? Sisi huku tunapumua na cherehani inalia kutwa, isipokuwa jambo moja nitakalokueleza huko chini. Usiruke mistari, nakujua.

Kwanza mwanao, huyu niliyemzaa mimi. Sasa yumo maabara ya hospitali kubwa, koti jeupe, jina kifuani! Anakata kipande cha nyama ya mgonjwa, chembamba kuliko hariri, anakitia rangi ili kitazamwe kwa hadubini. Madaktari wenye mvi hawana la kusema mpaka vioo vyake vyenye vipande hivyo vifike. Na nani alimfundisha kushika mkasi? Usinijibu.

Jumapili moja alipokuja nikamwuliza saratani huanzaje. Akaniuliza kama nakumbuka yale mashati arobaini ya shule. Ningesahauje! Niliona uvivu kutumia karatasi ya kipimo, nikawa nakata kila shati kwa kulifuata lililotangulia. Kosa dogo la bega likarithiwa, likakua, shati la mwisho lisingemtosha hata mwanasesere. Akasema mwili nao hujinakili, chembe moja inakuwa mbili. Makosa hutokea kila siku, na mwili huyarekebisha au huitupa chembe iliyoharibika. Saratani ni pale chembe inapokusanya makosa kwa miaka, ikakataa kufa, ikazaana bila kuambiwa basi, na nyingine zikasafiri kwa damu kwenda kuota kwingine. Nyingi huanzia kwenye ngozi na tabaka za ndani za viungo, kama titi, pafu na utumbo. Nyingine mifupani au kwenye misuli. Nyingine kwenye damu yenyewe, na nyingine kwenye mitoki, yale matezi ya shingoni na kwapani. Akasema si kila uvimbe ni saratani, ila hakuna mkono unaoweza kujua kwa kupapasa tu, hata huu wangu unaojua kila kitambaa.

Hapo nikalia, mdogo wangu. Uliponipigia simu kuhusu kinundu chako, nilikucheka, nikakuambia ukikande kwa maji moto na uache kudeka. Sikujua lolote. Nilikuwa na changu, mwaka mzima, namficha mwanangu mwenye maabara yake! Niliona ukienda wewe hospitali, nami itanibidi niende. Nilikunyamazisha ili woga wangu ukae salama. Nisamehe.

Kesho yake mwanao alinikokota mwenyewe, nikakatwa kipande. Alishindwa kukishika, akampa mwenzake, akasimama mlangoni. Majibu yametoka jana: ni saratani ya titi, bado haijasafiri. Nafanyiwa upasuaji tarehe ishirini.

Usije kuniuguza kwanza. Kesho asubuhi nenda hospitali, na ukiona haya kusema, mpe daktari barua hii asome hapa: Daktari, huyu ni mdogo wangu. Kinundu kiko titi la kushoto. Amechelewa kwa sababu yangu, tafadhali usimgombeze yeye.

Wabusu watoto mashavu yote mawili, na shemeji mwambie akusindikize.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kuliko ninavyojisifu